Flo Anasalimia

Iingie kwenye kumbukumbu kwamba sikufukuzwa shule. Nilisimamishwa kwa muda, jambo ambalo ni tofauti kabisa, ingawa ukiwa kwenye basi la kurudi nyumbani na sanduku lako magotini tofauti hiyo haionekani vizuri. Kosa langu lilikuwa sauti. Niliingia ofisini wakati hakuna mtu, nikashika kipaza sauti, na kwa sauti ya mkuu wa shule, Bi Haldane, nikawatangazia wasichana wote wa bweni kwamba Ijumaa haitakuwa na masomo, kwa heshima ya siku ya kuzaliwa ya paka wake. Watu walilala hadi saa nne. Bi Haldane hana paka.

Shule ilimpigia simu bibi yangu, Una Kerr, ambaye ndiye aliyenilea, kwa kuwa mama yangu anafanya kazi kwenye migodi ya Australia na huja Krismasi tu. Nilipofika mlangoni Bibi aliniuliza swali moja.

"Uliiga vizuri?"

"Vizuri sana, Bibi."

"Afadhali. Ingekuwa aibu kusimamishwa kwa kazi mbovu, Elspeth."

Nyumbani kwetu sauti ni jambo zito. Huku kusini, kwenye vilima vya juu ya mto Pomahaka, mbwa wa kondoo ni wa aina mbili. Kuna wanaonyamaza na kuwakodolea kondoo macho mpaka kondoo waone haya, na kuna wanaowabwekea kutoka nyuma mpaka mlima mzima uondoke. Bibi alifuga hawa wa pili. Wale wa kwanza aliwaita makarani.

Ng'ambo ya mto aliishi mtu pekee duniani aliyeruhusiwa kusema neno juu ya mbwa wa Bibi. Huyo ni Tipene Ruru, mfugaji kama yeye, ambaye mimi humwita Koro, kama tunavyowaita wazee wa Kimaori, ingawa hatuna undugu wa damu. Urafiki wao ulianza kwa kashfa. Kwenye mashindano ya mbwa, kabla mama yangu hajazaliwa, Bibi alimfunga nyuma ya lori jike wake aliyekuwa kwenye joto la kutaka dume, na ambaye kwa hali hiyo hakupaswa kuletwa pale hata kidogo. Bibi alipokuwa kwenye hema akinywa chai, dume la Koro likakata kamba. Bibi akatoka na kikombe mkononi, akawakuta. Inasemekana alimfokea Koro mpaka chai ikapoa, naye Koro akamsikiliza kofia ikiwa mkononi, kisha akasema, "Mama, mimi nimesikia. Hao wawili ndio hawakusikii."

Watoto wa uzao ule walikuwa na sauti ambazo bonde letu halijawahi kuzisikia. Tangu hapo Bibi na Koro wakawa wanapandishiana mbwa kwa desturi ya huku: mwenye dume halipwi kitu, ila anachagua mtoto mmoja kabla ya mtu mwingine yeyote kunyoosha kidole. Bibi alimwambia Koro kwamba chaguo lake lilikuwa huru kabisa, mradi achague dume. Majike wa ukoo ule hawakutoka kwenye vibanda vya Bibi. Walizaliwa humo, wakazaa humo, wakazikwa nyuma yake, na siku ya kuzaa hakuingia mtu isipokuwa yeye. Hata mimi nilitimuliwa.

Mwisho wa Agosti, wiki ileile niliyorudi na aibu yangu, Bibi aliteleza kwenye barafu mbele ya vibanda akavunjika nyonga. Nilimkuta amelala chini, na Flo amejibandika ubavuni mwake kama blanketi. Flo alikuwa jike wake, mweusi mwenye kifua cha kahawia, na tumbo lake lilikuwa limejaa watoto wa Bruce, dume la Koro.

"Usilie," Bibi akaniambia kabla sijafungua mdomo. "Mpigie Tipene, halafu upigie gari la wagonjwa."

"Kwa mpangilio huo?"

"Kwa mpangilio huo."

Koro alifika kwanza. Alisimama juu yake akihema.

"Una, umefanya nini?"

"Nimejipumzisha. Unaonaje?"

"Umechagua mahali pabaya."

"Nisikilize kabla hawajanidunga madawa. Vibanda ni vyako mpaka nirudi. Flo anazaa karibuni. Mama yake ameshakufa, dada yake hashiki mimba. Baada ya huyu hakuna jike mwingine."

"Najua, Una."

"Watu wasimguse."

"Una, ni mimi."

"Ndiyo maana nakuambia wewe, wala sikumwambia kasisi."

Akavua kipenga chake shingoni, kile anachowaitia mbwa, akakitia kwenye kiganja cha Koro. Koro akakishika kama mtu aliyekabidhiwa yai.

Flo alishikwa na uchungu asubuhi moja ya mvua. Koro alimtandikia majani makavu, akamwekea maji, akaufunga mlango, akatoka kuketi juu ya ndoo iliyofunikwa, chini ya ukingo wa paa. Nikaketi karibu yake na mkate wangu wa jibini wa kukunja, uliokuwa bado wa moto.

"Hatuingii?" nikauliza.

"Si wangu. Angekuwa wangu ningelala naye humo humo. Lakini jike wa mtu akiona mgeni anabana. Anazuia watoto mpaka mgeni aondoke."

"Sasa tutajuaje?"

"Tutasikia. Akipata shida atasema. Majike wangu wote husema, tena hutukana. Na huyu ana mdomo kuliko mbwa wote wa wilaya."

Hilo lilikuwa kweli. Flo aliwabwekea kondoo, akambwekea mtu wa posta, akaubwekea upinde wa mvua. Basi tukasikiliza. Mvua ilipiga bati. Mto ulikuwa ukipanda, tuliusikia ukisukuma mawe. Kutoka ndani hakukutoka hata mguno.

"Unasikia?" Koro akasema, akitabasamu. "Kimya. Binti anajua kazi yake."

Nilimaliza mkate nikaanza kutamani mwingine. Nilimwigia Koro sauti ya Bi Haldane akimkaripia jogoo, akacheka mpaka akakohoa. Kimya kikaendelea. Kisha nikaona Koro ameacha kucheka, ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayetafuta mlio wa saa ndani ya nyumba ambayo saa yake imesimama. Akainuka akafungua mlango.

Flo alikuwa amelala kichwa juu ya miguu ya mbele, anatutazama. Chini ya kidevu chake palikuwa na mtoto mmoja, mkavu, amelambwa vizuri. Aliyemfuata alikuwa amekaa kombo tumboni na hakutoka. Daktari wa mifugo tuliyempigia ilimbidi azunguke hadi daraja la mbali kwa kuwa mto ulikuwa umefunika barabara, na alipofika kazi iliyobaki ilikuwa ya kuvua glavu.

"Amechanika ndani," alisema. "Lazima aliumia sana. Hakulia?"

"Hakusema neno," Koro akajibu.

Alimchimbia kaburi yeye mwenyewe, nyuma ya vibanda, karibu na mama yake, na hakutaka nishike koleo. Mtoto alikuwa ndani ya shati lake muda wote huo. Alikuwa jike.

Jioni hiyo muuguzi aliniambia kwamba Bibi angepasuliwa kesho yake, kwamba moyo wake umechoka, na kwamba kama tuna habari yoyote ya kumshtua tuikalie kwanza. Koro alipiga simu kutoka jikoni kwetu. Aliiweka mezani ili sote tusikie.

"Una, Flo amezaa."

"Wangapi?"

"Mmoja. Jike."

Bibi alivuta pumzi. "Jike. Basi si haba. Na mwenyewe?"

Mimi nimesoma bweni, nimewaona watu wengi wakidanganya, na naweza kuthibitisha kwamba Koro Tipene hana kipaji hicho. Mwisho akasema, "Yupo hapa."

"Mpe simu."

Koro akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu mzima. Nikainamia simu nikabweka kama Flo: bweko moja fupi la kusafisha koo, halafu moja refu kutoka tumboni, ambalo mwishoni hupanda kidogo kama anauliza kitu.

Bibi hakusema lolote kwa muda. Kisha akasema, "Haya. Mwambieni apumzike." Akakata.

Koro alifuta uso kwa kofia. "Mpaka apasuliwe tu," alisema. "Akiamka salama nitamwambia mwenyewe. Aliniachia vibanda vyake, Elspeth. Hajawahi kumwachia mtu hata ufagio wa mle ndani."

Bibi aliamka salama. Koro akasema ngoja akae kitandani. Akakaa. Koro akasema ngoja asimame. Hapo ndipo mapafu yake yalipojaa maji, na hakusimama tena. Walimhamishia kwenye nyumba ya wazee mjini Gore, chumba chenye dirisha linalotazama maegesho ya magari. Kila jioni Koro alipiga simu, kila jioni alisema, "Flo anasalimia," na kila jioni nikasalimia. Ningependa kusema nilifanya hivyo kwa moyo mzito. Mara nyingi ilikuwa hivyo. Lakini kuna jioni mbili tatu nilibweka vizuri hadi nikajivunia.

Mtoto wa mbwa alinyonya chupa, akalala ndani ya kofia ya Koro, kofia ilipomshinda akahamia kwenye buti. Hakuwa na jina. Bibi huwapa mbwa majina baada ya kusikia sauti zao, wala hakuna aliyethubutu kumtangulia.

Halafu Bi Haldane alinipokea tena shuleni, baada ya mimi kuomba radhi mbele ya shule nzima, kwa sauti yangu mwenyewe, kama alivyoomba mahususi. Ikawa jioni najifungia kwenye chumba cha kufulia, Koro anatuunganisha watatu kwenye simu, nami nabweka katikati ya mashuka ya watu. Wenzangu wa bweni walinihurumia. Matroni alinipa dawa ya minyoo.

Kwa kuwa hali hiyo isingeweza kudumu, wikendi moja nikiwa nyumbani nilirekodi mabweko kadhaa kwenye simu ya Koro nikamfundisha pa kubonyeza. Tatizo lilikuwa kidole gumba chake, kipana kama mwiko, na pia kwamba nilikuwa nimemwachia humo rekodi nyingine kwa ajili ya kumburudisha. Jioni moja ya Novemba Bibi alisema, kama kawaida, "Mpe simu," Koro akabonyeza, na sauti ya Bi Haldane ikatoka: "Wasichana wote mnatangaziwa kwamba soksi zote zisizo na jina zitachomwa moto."

Mimi sikuwapo, alinisimulia Koro.

"Tipene," Bibi akasema. "Flo ameanza shule?"

"Ni... ni redio, Una."

"Mwambie asome kwa bidii." Akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika na muuguzi akaja kuichukua simu.

Koro alinipigia papo hapo.

"Amejua."

"Amesema amejua?"

"Amecheka."

"Basi hajajua, Koro. Mtu akijua hacheki."

Nilisema hivyo kwa uhakika mkubwa. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilijiona mtaalamu.

Desemba nikaja likizo. Mtoto alikuwa amekuwa mbwa kijana wa miguu mirefu, mweusi mwenye kifua cha kahawia, na alikuwa bubu. Kwa umri wake wenzake huwa wameshafungua midomo kwa kondoo. Yeye alikwenda nyuma ya kondoo, akasimama vizuri, akawatazama, akamtazama Koro, akarudi. Hakuna aliyetamka neno "karani", lakini lilikuwa hewani.

"Hakuwa na mama wa kumfundisha," Koro alisema. Akatazama nyuma ya vibanda. Alikuwa amekonda. Alifagia vibanda vile mara mbili kwa siku, akavipaka rangi, akabadilisha bawaba za milango ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Siku chache kabla ya Krismasi walitupigia kutoka Gore, wakasema kama kuna la kusema na Bibi, tusichelewe. Koro alivaa koti lake la mazishi, akalivua, akavaa sweta.

"Leo namwambia," akasema ndani ya pikapu. "Afadhali anifukuze kuliko aondoke akiniamini hivi."

"Na huyu?" Mbwa alikuwa ameketi katikati yetu, anatazama barabara kama mwenye gari.

"Naye amwone. Ni wa kwake."

Mbwa walikuwa wamepigwa marufuku mle ndani kwa muda, kwa ajili ya ugonjwa wa tumbo uliokuwa ukizunguka. Hapa ujuzi wangu ulihitajika. Nilichukua kikapu cha nguo kwenye korido, tukamtia humo, tukamfunika taulo. Tukapishana na mhudumu, dada mmoja wa Kitonga anayeitwa Sela, ambaye huimba akisukuma mkokoteni wa chai. Akanyanyua pembe ya taulo, akairudisha taratibu.

"Hizi taulo zina macho," alisema. "Zifikisheni haraka zisije zikapoa."

Bibi alikuwa amekuwa mdogo sana kitandani. Mrija wa hewa ulimpita puani. Lakini mbwa alipopanda kitandani mikono yake iliamka: ikafunua midomo, ikapima masikio, ikapita mgongoni, ikashuka kwenye miguu.

"Miguu ya Bruce," alisema. "Pole, mwanangu."

"Bruce ana miguu mizuri," Koro akasema.

"Ya kusimamia kaunta ya baa." Akamtazama mbwa machoni. "Sema!"

Mbwa akatikisa mkia. Chumba kikasubiri. Hakusema.

Koro akavua kofia.

"Una. Kuhusu Flo."

"Alikufa siku ya kuzaa," Bibi akasema. "Keti chini, Tipene, unanizibia dirisha."

Koro hakuketi. "Nani amekuambia?"

"Huyu hapa." Akanielekezea kidevu. "Aliponibwekea."

Naomba msamaha, lakini kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa kuumia kwa kazi yangu. "Nilikosea wapi?"

"Hukukosea. Ulibweka kumshinda yeye." Alipumzika kidogo ili hewa imfikie. "Ila majike wa ukoo huu hawabweki wakizaa. Wala wakinyonyesha. Wanafunga mdomo tangu uchungu unaanza mpaka mtoto aache ziwa. Mama yake alikuwa hivyo, na bibi yake. Unaweza kumkanyaga mkia, hutasikia kitu. Nilimwambia Tipene ampe simu ili nisikie kimya. Ningesikia kimya, ningejua yupo amelala na mtoto wake, ningelala na mimi."

Nje kulikuwa na gari linarudi nyuma, linalia tii, tii, tii. Koro akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Nilikaa nje," alisema. "Juu ya ndoo. Nilikuwa nangoja aseme."

"Najua."

"Nilimwambia mtoto huyu, sikiliza, kimya, anaendelea vizuri. Nilikuwa nacheka, Una. Yeye anakufa pale nyuma ya ubao, mimi nacheka."

"Asingekuambia. Hata mimi asingeniambia."

"Wewe ungekuwa ndani."

Bibi alimtazama usoni. Mkono wake ulikuwa bado juu ya shingo ya mbwa.

"Ndiyo," alisema. "Ningekuwa ndani, kwa sababu nilijua hawasemi. Nawe hukujua, kwa sababu sikukuambia. Miaka yote hii nimekupa madume, nikakufungia mlango wa majike kana kwamba ungeniibia. Siku ile kwenye barafu nilikukabidhi vibanda, kipenga, kila kitu, na hilo moja sikulikumbuka. Nililizoea kulificha mpaka nikasahau kwamba ni siri." Akamgusa mkono. "Nusu ni yangu, Tipene. Usiibebe yote, una mgongo mbaya."

Koro alilia kama wanavyolia wanaume wa huku, yaani alitazama ukuta na mabega yakafanya kazi yote.

"Mbona hukusema?" aliuliza baadaye. "Siku zote hizo. Tulikuwa tunakubwekea kama wendawazimu."

"Ningesema, ungeacha kupiga simu?"

"Nisingeacha."

"Ungekuwa unapiga ya kulia. Humu ndani za kulia zinatosha, sikiliza hata sasa hivi huko koridoni. Mimi nilikuwa nataka ile ya kubweka." Akanitazama. "Na ile ya soksi."

Sela akagonga, akasema taulo zina robo saa tu. Bibi akajisogeza juu ya mto.

"Haya, tumalize kazi. Dume lilikuwa Bruce, kwa hiyo chaguo ni lako. Chagua."

"Una, yupo mmoja tu."

"Basi usikae sana kufikiri."

"Ni jike."

"Nina macho, Tipene."

Koro akainuka akaenda dirishani. Alitazama maegesho ya magari kwa muda mrefu kuliko yanavyostahili. Aliporudi alimnyanyua mbwa kutoka kitandani, mikono yote miwili, kama siku ile alipompata.

"Namchagua huyu," alisema.

"Umechagua vizuri. Jina utampa ukimsikia. Usimharakishe."

Kipenga chake kilikuwa shingoni mwa Koro. Koro akakishika kukirudisha, Bibi akatikisa kichwa.

Alikufa Januari, mchana, wakati wenzake wanakunywa chai. Mama alikuja tena kutoka Australia na nguo zisizofaa kwa upepo wetu. Siku ya mazishi wafugaji wa mabonde yote walikuja na mbwa wao nyuma ya pikapu, kama inavyofanywa huku kwa mtu wa mbwa, wakaegesha mbele ya kanisa. Jeneza lilipotoka Koro alipuliza kipenga mara moja, na mbwa wote wakabweka kwa pamoja mpaka kondoo wa upande wa pili wa mto wakaanza kuondoka mlimani bila kuambiwa. Mbwa mmoja tu hakubweka, yule aliyeketi juu ya viatu vya Koro.

Kwenye chai baadaye binamu mmoja aliniomba nimwige Bibi, watu wacheke kidogo. Nilisema siwezi. Naweza. Nilikuwa nimejaribu asubuhi, ndani ya pikapu, neno moja tu, "Sema!" Mbwa aliinua masikio akageuka kuutazama mlango. Aliifahamu sauti ile, aliisikia kwenye simu pale jikoni kila jioni ya maisha yake. Aliendelea kuutazama mlango mpaka Koro alipokuja kuniita. Sijarudia.

Februari nikarudi bweni. Nimekuwa mwanafunzi wa mfano, jambo ambalo limemtia Bi Haldane wasiwasi, na amewahi kuniita ofisini kuniuliza ninapanga nini.

Jioni moja ya Machi nilikuwa kwenye chumba cha kufulia, natafuta soksi zangu, ambazo hazina jina, simu ikalia. Alikuwa Koro. Nilisikia upepo, nikajua yuko mlimani.

"Nimempigia Una kwanza," alisema. "Vidole vimejiendea vyenyewe. Akapokea mzee mmoja, ndiye yuko chumba kile sasa. Tumeongea kidogo. Naye alikuwa na mbwa."

"Kuna nini, Koro?"

"Subiri."

Nikasikia hatua zake kwenye majani, nikasikia kondoo mbali. Halafu likaja bweko moja fupi, la kusafisha koo, na baada yake moja refu kutoka tumboni, ambalo mwishoni lilipanda kidogo kama linauliza kitu. Sijui kama ni damu ya mama yake, au ni mimi alinisikia jikoni alipokuwa ndani ya kofia. Nilikaa chini, juu ya mashuka machafu ya bweni zima.

Koro alikuwa anahema.

"Flo anasalimia," alisema.

Nikatafuta la kumjibu. Sauti zote ninazozijua, hakuna hata moja iliyokuja. Nikakaa kimya na simu sikioni, na kule mlimani mbwa akaendelea.